Uwanda wa juu wa Tibet kule Asia au uwanda wetu wa juu wa Afrika Mashariki, upi mkali?

Ubishi huu tukikaa stendi hapa Kampala lazima urudi, eti Tibet ndo baba lao. Kwa urefu kutoka usawa wa bahari, sawa, haina mpinzani, wastani ni zaidi ya mita 4,500 na sisi Kampala tuko kama 1,200 tu. Ila kwa kilimo, kule ni shayiri na yaki, wale ng'ombe wa manyoya marefu, kwenye baridi na hewa nyepesi, huku matoke na kahawa.

Maji sasa. Tibet inatoa mito ya Indus, Mekong na Yangtze, huwezi kubeza. Sisi tuna Nile inayotoka Jinja, halafu simama daraja la mto Katonga barabara ya Masaka uangalie vizuri, maji yamelala kwenye mafunjo kama hayajui yaende wapi, kumbe zamani mto wote ulienda magharibi, ardhi ya upande ule ikainuka ukageuzwa, na mto Kafu hivyo hivyo, ndo ziwa Kyoga likapatikana. Hiyo naipenda sana jamani!

Ukitaka kuelewa mabamba ya dunia, yale mapande makubwa ya gamba la ardhi, yanavyogongana shika Tibet, India bado inasukuma. Ukitaka bonde la ufa na kitu cha kwenda kukiona kwa nauli ya taksi, baki hapa.