Trieste yangu imeondoka kwa herufi moja

Nimelipa shilingi 10,000 na bado nikadhalilishwa. Naanzia hapo ili ujue mwandishi ana hasira.

Ni ule ukumbi wa michezo ya mezani Mikocheni, wa ghorofani. Siku hiyo ilikuwa Diplomacy: watu saba, ramani ya Ulaya ya 1901, dadu hakuna. Mnatoka kunong'onezana, mkirudi kila mtu kaandika amri zake kwa siri, zinasomwa zote kwa mpigo. Mimi nikaangukiwa na Austria. Wanaoujua mchezo wameshanipa pole, maana pale kila mtu ni jirani yako. Shemeji akachukua Italia.

"Shem, mimi na wewe hatugusani," akaniambia kwenye ngazi, huku anatafuna karanga zangu.

Nikamwamini nusu. Ukiamini yote unaliwa, usipoamini kabisa unabaki kulinda geti wenzako wanavuna. Zamu ya kwanza nikatoa meli Trieste, bandari yangu inayopakana na Italia, kwenda Albania, jeshi la Budapest likaingia Serbia, la Vienna nikaliacha nyumbani. Zamu ya pili meli iende Ugiriki, Serbia iiunge mkono, na la Vienna lisogee Trieste. Shem asipokuja, sijapoteza kitu. Akija tunagongana, haingii mtu, Trieste inabaki yangu. Nilijiona fundi.

Akaja.

Kijana msimamizi akasoma karatasi yangu, akaguna. "Vienna–Trieste. Hujaweka J ya jeshi. Amri imekufa."

Nikamwambia, mdogo wangu, Vienna kuna kipande kimoja tu, na haina bahari, meli itoke wapi? Kitabu cha sheria kilikuwa kwenye boksi palepale: amri iliyoandikwa vibaya, ikiwa na maana moja tu, inafuatwa. Hakukifungua hata kukifungua.

"Braza, kama kuandika shida, kacheze drafti."

Mbele ya watu! Aliyeshika Uturuki alicheka mpaka soda ikampalia.

Basi Italia ikaingia Trieste kama inaingia kwao. Nikaapa sirudi, na nikawaambia.

Sasa, nimelala nikaamka, nikahesabu. Trieste imekwenda, sawa, lakini Serbia na Ugiriki nilizipata. Nilianza na vituo vitatu, yaani sehemu za ramani zinazohesabiwa kwenye ushindi, nikawa na vinne! Kushinda ni 18, safari ilikuwa bado mbichi. Kilichonimaliza ni zamu zilizofuata, niliposomba kila kilichokuwa Serbia na Ugiriki kwenda kumfukuza shem, Uturuki nikampa mgongo. Yule aliyepaliwa na soda ndiye aliyenizika.

Kwa hiyo labda ukumbi hauna kosa kubwa. Feni zinazunguka, zege, yaani chipsi mayai, linakuja la moto, meza haziyumbi. Nilitaka kuwapa nyota nne. Hapana, mbili; ile ya drafti imenirudia sasa hivi ninavyoandika. Yule kijana akafundishwe kuongea na wateja.

Jumamosi nimeshalipia nafasi. Shem hajui.