Vitone vya buluu: tathmini yangu ya kampuni kubwa ya udalali wa majengo ya biashara

Kitabu chao cha kujitambulisha kinafunguka na ramani ya dunia iliyotandazwa kurasa mbili, vitone vya buluu vimejaa pomoni. Ukiitazama haraka unaweza kudhani wana mtu kila palipo na lami. Kazi yangu ni kumtafutia mwajiri wangu maghala na ofisi za kupanga, na mwaka jana niliagizwa nichague dalali mmoja wa kutuhudumia kote tunakopeleka mizigo. Ramani ile ndiyo iliyonishawishi, na ndiyo iliyoniponza, kwa hiyo nitaanza nayo kabla sijafika kwenye huduma yenyewe. Jina la kampuni naliacha. Ni mojawapo ya zile kubwa, na za wenzao nilizozichungulia zina ramani za namna hiyohiyo.

Tayari tulikuwa tumeshasaini mkataba nao nilipoketi kufanya nilichopaswa kufanya mapema: nilinakili anwani zote kutoka kwenye orodha yao ya matawi, nikazipanga kwenye Excel kwa mji, mtaa, jengo, ghorofa na simu. Siku mbili, macho yanawasha. Kisha nikaiachia programu ya ramani igeuze anwani hizo kuwa vitone vyangu mwenyewe.

Tawi moja likaota baharini, kwenye Ghuba ya Guinea, kusini mwa Ghana. Wanaofanya kazi hizi wanakijua kituko hicho: programu ikishindwa kuielewa anwani, mara nyingi huipa latitudo sifuri na longitudo sifuri, na sifuri hizo mbili hukutana majini huko. Hilo nililiona mara moja, nikacheka, nikarekebisha. La pili lilinila nusu siku. Ofisi iliyoandikwa "Ontario, CA" ilikuwa imepelekwa Kanada, imekaa kwa utulivu kabisa kati ya matawi ya Toronto, kwenye jimbo la huko linaloitwa pia Ontario, wala huwezi kuishtukia. Kumbe CA hapo ni California. Ontario hiyo ni mji ulio kama kilomita 60 mashariki ya katikati ya Los Angeles, na mtu wa maghala hawezi kuupuuza, kwa sababu mizigo mingi inayoshushwa bandari za Los Angeles na Long Beach hupitia kwenye maghala ya ukanda ule. Yaani tawi nililolihitaji kuliko yote ndilo lililopotea.

Baada ya usafi huo nikaanza kupunguza. Ukipanga orodha kwa jengo badala ya mji, mambo hujitokeza yenyewe. Anwani tatu, jengo moja, ghorofa moja: ya kwanza udalali, ya pili usimamizi wa majengo, ya tatu uthamini. Kwenye ramani yao ni vitone vitatu vimebanana kama punje za mtama. Kwingine namba ya simu ya tawi ilikuwa na msimbo wa mji mwingine. Nikapiga, nikapokelewa na dada mmoja mchangamfu sana aliyekiri kwamba kwenye mji huo hawana mtu anayekaa, "ila tunafika". Kwingine tena barua pepe ya tawi ilikuwa na jina la kampuni nyingine kabisa. Hao ni washirika, madalali huru wa mji husika walioruhusiwa kutumia jina la wakubwa na kupeana wateja.

Sisemi kuwa na washirika ni utapeli. NAI Global ni mtandao wa kampuni huru na inajitangaza hivyo waziwazi. Ninacholalamikia ni rangi. Ofisi yako, ofisi ya mshirika wako, na chumba chenye mthamini mmoja, vyote buluu ileile? Kila mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, lakini mimi ndiye ninayepanga, na ninahitaji kujua nitakayempigia simu anawajibika kwa nani.

Ofisi za kampuni hizi kubwa za udalali, kama CBRE na JLL, ukizitazama vizuri, hazikutawanyika ovyo. Zinafuata zilikozaliwa na zilikohamia. CBRE ilianzia San Francisco mwaka 1906, baada ya lile tetemeko la ardhi, na mwaka 2020 ikahamishia makao makuu Dallas. JLL ina mizizi London tangu 1783 na makao makuu Chicago, kwa kuwa mwaka 1999 kampuni mbili ziliungana, moja ya kila upande wa bahari. Muungano ukitokea kila mmoja huja na ofisi zake, na mikataba ya pango haifi siku ya harusi, kwa hiyo unaweza kukuta mji mmoja una vitone viwili vya kampuni moja. Halafu kuna leseni. Marekani kila jimbo hutoa leseni yake ya udalali, na mji kama Kansas City umekaa juu ya mpaka wa Missouri na Kansas. Ukikuta huko ofisi mbili zilizokaribiana usidhani ni majivuno.

Kitu kingine nilichojifunza kwa kuchelewa ni kuangalia kitone kimekaa wapi ndani ya mji. Tawi lililo kwenye mnara wa vioo katikati ya jiji mara nyingi ni la wanaouziana majengo mazima na kutafuta mikopo. Wa maghala wako nje, karibu na barabara kuu na viwanja vya ndege, sehemu kama Rosemont, ubavuni mwa uwanja wa O'Hare wa Chicago. Mimi awali niliwaandikia wa minarani. Walinijibu kwa adabu nyingi, bila ghala hata moja.

Sasa huduma. Tawi la Ontario nawapa nyota tano bila kusitasita. Dalali aliyetupokea alikuwa na orodha ya mikataba ya pango inayokaribia kuisha, jengo kwa jengo, kwa hiyo alituonyesha maghala ambayo yalikuwa bado hayajatangazwa. Aliuliza urefu wa rafu zetu kabla ya kuuliza bajeti. Kwenye ghala la pili alishuka, akapima kwa hatua zake kutoka milango ya kupakilia hadi kwenye uzio, akarudi anatikisa kichwa: trela ndefu isingeweza kugeuka pale. Mwenye jengo alikuwa amesimama palepale. Dalali anayeua biashara yake mwenyewe mbele ya macho yako, huyo mshike.

Kwenye mji mwingine wa bandari, nchi nyingine, kitone kilikuwa kikubwa kuliko vya jirani zake. Barua ya kwanza ilikaa siku tisa bila jibu. Aliyejibu alikuwa wa ofisi ya mshirika, mtu mwungwana, ila kazi yake ya miaka yote ilikuwa kuthamini nyumba za kuishi. Alituletea majengo manne. Mawili yalikuwa yameshapangishwa, na moja lilikuwa na nguzo katikati kila baada ya mita chache, hata forklifti ingepita kwa kunyata. La nne hatukuliona kwa sababu aliyeshika ufunguo alikuwa safarini. Makao makuu nilipowalalamikia wakaniambia kwamba washirika "hufuata taratibu zao". Sawa, lakini kitabu chenye ramani kilikuwa na nembo ya nani?

Nikawapa nyota tatu: tano za Ontario, moja ya bandarini, nikagawa kwa mbili. Meneja wa akaunti yetu alinipigia kuuliza kama ningeweza kuweka nne. Nikamtumia lile jedwali langu, lenye safu ya ziada iliyoandikwa "nani anakaa hapa kweli?", akanyamaza kwa wiki tatu.

Juzi kitabu cha mwaka huu kimefika. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ile bandari. Kitone kipo, ila sasa ni duara tupu lenye ukingo mwembamba wa buluu, na chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi zinazotaka miwani, wameandika kwamba duara tupu ni mshirika. Nimewaongezea nusu nyota. Ontario bado wameiandika "CA".