Taa ya Kuzungusha kwa Mkono: Nimeijaribu Ngamiani, Tanga

Ndugu watazamaji, karibuni tena hapa Ngamiani. Leo nimeshika taa ya dharura isiyohitaji soketi wala jua: unafunua kishikio hiki cha pembeni, unazungusha, nayo inawaka.

Aliyewahi kupanda baiskeli yenye dinamo hataona jambo geni ndani yake. Kishikio huzungusha gia, gia huipa sumaku kasi kubwa kuliko ya mkono wako, na sumaku inapopita karibu na nyaya za shaba zilizoviringwa, umeme huzaliwa. Kanuni hiyo aliigundua Michael Faraday mwaka 1831, na ndiyo inayofanya kazi pale Hale, mkoani kwetu, ambako mto Pangani huzungusha mitambo ya kituo cha megawati 21 kilichoanza mwaka 1964.

Juzi usiku umeme ulipokatika, niliizungusha kwa dakika moja, kama mizunguko miwili kila sekunde, kisha nikamwekea mwanangu mezani amalizie hesabu zake. Mwanga ulidumu dakika nane kabla ya kufifia, nami niliridhika kabisa, kwa kuwa taa ndogo ya LED hutosheka na sehemu tu ya wati moja.

Boksi lake, hata hivyo, limeandikwa kwamba inachaji simu, na hapo naomba mnisikilize kwa makini. Kifaa kidogo kama hiki hutoa wati mbili au tatu, ilhali betri ya simu nyingi za sasa hubeba karibu wati-saa 18, yaani umeme wa wati 18 kwa saa nzima. Hata kama hakuna kinachopotea njiani, hizo ni saa sita hadi tisa za kuzungusha bila kupumzika. Tena ukichomeka simu, kishikio huwa kizito papo hapo. Huo si ubovu: umeme unaochotwa huipinga sumaku, na nguvu ya kuushinda upinzani huo hutoka kwenye misuli yako. Dakika kumi zitakutosha kupiga simu fupi ya kuomba msaada, basi.

Kinachonisikitisha ni gia za plastiki. Taa ya kwanza niliyonunua ilivunjika meno baada ya wiki tatu, na pini ya kishikio ilikuwa imeshaanza kushika kutu kwa hewa yetu ya chumvi. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, izungushe mwenyewe pale pale dukani huku taa ikiwaka, na usikilize: gia nzima huvuma kwa sauti moja, lakini ukisikia ikikwaruza au kuruka, mrudishie muuzaji.