Fundi wa jirani na Soko Kuu Mtwara: anapima kwanza, anang'oa baadaye

Nimeshapeleka redio, inveta na mizani kwa mafundi kadhaa hapa Mtwara. Huyu wa kibanda cha bati jirani na Soko Kuu ndiye wa kwanza kumwona akishika mita kabla ya bisibisi.

Mzigo wenyewe haukuwa wa kila siku: mkono wa roboti wa kufundishia, wa miaka ya 1980, viungo vitano na kishikio, mota za volti 12. Niliununua chakavu ili vijana ninaowafundisha jioni, nyumbani Shangani, wauone ukitembea. Kila nikiuwasha, bega liliruka upande mmoja kwa nguvu zote, likagonga kikomo, taa ya hitilafu ikawaka na mota zote zikakatwa. Fundi wa kwanza, kwingineko, aliutazama dakika kumi akasema bodi imeungua, nitafute nyingine. Bodi ya mashine ya umri ule ningeipata wapi?

Huyu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwalimu, linaruka au linajivuta?" Nikamjibu linaruka. Akasema basi mota ni nzima, kinachokosekana ni habari ya kurudi. Kila mota ina kisahani chenye matundu kinachokatiza mwanga, na kidhibiti kinahesabu mikatizo hiyo kujua kiungo kimefika wapi. Hesabu isipokuja, kinadhani bega limesimama, kinazidi kulisukuma.

Hakuniomba nimwamini. Ndani ya kidhibiti kila kiungo kina kadi yake, na zinafanana. Akaichomeka ya bega kwenye nafasi ya kiwiko, na ya kiwiko kwenye bega. Akaulaza mkono juu ya gunia usijiumize, akawasha, kidole hakijatoka kwenye swichi. Bega likaruka vilevile, kiwiko kikatulia. Kadi zote mbili zikawa hazina kosa, na mimi nikapumua.

Ndipo akapima umeme unaolisha sehemu hizo za mwanga, si ule wa mota. Kwenye pawasaplai, kifaa kinacholisha mashine umeme, volti 5.02. Kwenye bodi ndogo iliyo begani, 3.9. Volti moja na ushee imepotelea njiani! Akafungua plagi kubwa ya kebo, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango ili nione: pini mbili zimeota kutu ya kijani, unga mwembamba unaobaki kwenye kidole. "Chumvi hiyo, mwalimu. Unakaa na bahari." Akasugua kwa mswaki na spiriti, pini moja iliyolika akaibadilisha na kuilehemu upya. Akapima tena: 4.9.

Osiloskopu, kile chombo cha kuonyesha ishara ya umeme kwenye skrini, hana. Aliweka mita kwenye waya unaorudisha ile mikatizo kwa kidhibiti, akalizungusha bega kwa mkono, taratibu sana, na namba zikawa zinaruka kutoka karibu na sifuri hadi karibu na tano, zinarudi, zinaruka tena. Nilisimama pale kama mtoto, nikitazama namba hizo. Kwenye pawasaplai alikuta pia kapasita, kile kikopo kinachotunza chaji ya umeme, imevimba kichwa, akaweka ya kuhimili joto la nyuzi 105 badala ya ile ya 85, maana joto letu hili ndani ya kasha lililofungwa si mchezo.

Siku tatu, shilingi 35,000, na kapasita ya zamani alinirudishia mkononi.

Kasoro zipo. Risiti hatoi, na kwa mtu wa ofisi hilo ni tatizo kweli. Kazi ilipoisha hakunipigia. Nilikwenda mwenyewe nikaukuta mkono uko tayari tangu jana yake, umefunikwa khanga. Mchana kibanda kinajaa watu wa simu, hamsikilizani.

Nendeni asubuhi. Na mbebe kebo zote, si mashine peke yake: mimi siku ya kwanza niliiacha kebo nyumbani, akakataa kuigusa bodi mpaka nirudi Shangani na bajaji kuifuata. Ndiyo kebo ileile iliyokuwa na kutu.