Suunto PM-5/1520: kipimo cha kutegemewa, ila umri wa shamba ndio unaoharibu hesabu

Baadhi ya wakazi wa Dar wana mashamba ya mitiki Kilombero au misindano Mufindi, na swali ni kama klinomita hii (kifaa cha kupimia urefu wa mti kwa kuulenga kwa jicho) inatosha kujua daraja la ubora wa ardhi, ambalo husomwa kutokana na urefu wa miti kwa umri wake. Inatosha. Haina betri, inaingia mfukoni, na bei yake iko chini sana ya vipimo vya leza.

Ndani ina mistari miwili ya namba za mita: mmoja wa kusomea ukisimama mita 15 kutoka kwenye mti, mwingine ukisimama mita 20. Mti wa mita 22 upime ukiwa mita 20. Soma kilele, soma shina pale linapotoka ardhini, kisha jumlisha. Shina likiwa juu ya usawa wa jicho, toa. Fungua macho yote mawili. Ukifumba moja na mstari ukahama, basi somea jicho moja tu.

Kwenye miteremko ya Mufindi ndipo wengi huchemka. Mita 20 ni za mlalo. Tepu ikifuata mteremko wa asilimia 30, mti wa mita 20 unasomeka karibu 21. Mti ulioinama upime kutoka ubavuni. Mtiki wenye kichwa kipana usiusogelee, maana utasoma tawi la pembeni ukidhani ni kilele, na urefu utazidi.

Usipime kila mti. Chora duara la nusu kipenyo mita 11.28, yaani hekta 0.04, kisha pima miti 4 minene kuliko yote. Wastani wake ndio urefu wa miti tawala, ambao hautikiswi sana na nafasi ya upandaji wala upunguzaji wa miti midogo. Unene hutikiswa, ndiyo maana haufai kupanga madaraja.

Sasa hesabu. Tuseme modeli ya ukuaji ni ln H = a − b/umri (ln ni logi asilia, H ni urefu wa miti tawala, a hubadilika kwa ubora wa ardhi), b ni 6, na umri wa rejea, yaani umri wa kulinganishia mashamba, ni miaka 20. Miti ya miaka 12 yenye mita 18 inatoa kielelezo cha ubora wa ardhi, yaani urefu unaotarajiwa ikifika miaka 20, cha mita 22. Ukikosea urefu kwa mita 1, ukasoma 17, unapata 20.8. Lakini shamba hilohilo likiandikwa miaka 10, kielelezo kinapanda hadi 24.3! Kwa hiyo kabla ya kulaumu kifaa, tafuta kumbukumbu za upandaji. Modeli nayo iwe ya aina hiyo ya mti na ukanda huo. Ya misindano ya Sao Hill haifai kwa mitiki ya Longuza. Shamba lisilofika miaka 5 lisubiri, mkunjo wake wa ukuaji bado haujatulia.

Unaponunua, soma namba iliyo kwenye kifaa. Ndugu yake, PM-5/360PC, ina digrii na asilimia, si mita. Nayo inafaa, tena kwa umbali wowote: asilimia ya kilele toa ya shina (ya chini ya jicho ni hasi), zidisha kwa umbali, gawa kwa 100.