Swichi ya mtandao ya poti 24 kwenye hosteli ya Ng'hong'ona, baada ya miezi minane

Niliinunua Kariakoo kwa laki nne na nusu, nikarudi nayo Dodoma kwa SGR nimeipakata njia nzima. Ni kifaa cha kugawa mtandao kwa waya: ina poti 24 (matundu ya kuchomeka waya), haina feni, na sasa inahudumia hosteli ya vyumba 20 Ng'hong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Kampuni siitaji, maana nina malalamiko.

Kabla yake tulikuwa na ile ya kuchomeka tu, isiyo na menyu za kupanga chochote. Nayo ina akili yake: kifaa kikituma kitu, inasoma anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa kwenye mtandao) ya mtumaji na kukumbuka ametokea poti gani. Mpokeaji asipojulikana, inamwaga kwenye poti zote isipokuwa ile iliyoleta. Shida ni kwamba haikuonyeshi inachokijua. Hii mpya inakufungulia jedwali lote la anwani na poti zake, na kwangu mimi hilo peke yake limerudisha hela.

Wiki ya pili ya muhula, Jumapili jioni, simu zikaanza. "Fundi, intaneti hakuna." Nusu ya jengo wanapata, nusu hawapati. Nikachomeka laptopu, nikapewa namba ya mtandao (IP) inayoanza na 192.168.1 wakati sisi tunatumia za 10.10. Nikajua kuna mtu kachomeka ruta yake (kifaa cha kusambaza intaneti) ukutani kinyumenyume, kwa poti ya ndani badala ya ile ya WAN inayopokea intaneti kutoka nje, nayo inagawa namba kwa kila anayeomba. Zamani ningegonga milango ishirini. Safari hii niliandika kwenye laptopu arp -a, amri inayoonyesha MAC za vifaa ilivyowasiliana navyo, nikapata MAC ya ruta hiyo, nikaitafuta kwenye jedwali: poti 14. Nikaiingiza kwenye orodha ya kuchuja, na hapo swichi ikawa inatupa kila kinachotoka kwake na kila kinachokwenda kwake. Waliokwama wakachomoa waya na kurudisha, wakapata namba sahihi. Robo saa haijaisha, kijana wa chumba 14 huyo anashuka ngazi, ruta mkononi: "Shikamoo kaka, hivi mtandao una shida?"

Angalizo kwa mafundi wenzangu: anwani isipotuma chochote kwa sekunde 300 inafutwa kwenye jedwali. Huo ndio muda inaokuja nao toka kiwandani, na sijaubadilisha. Kwa hiyo mtafute mtu kungali moto.

Kero ya kwanza ni ndogo ila inachosha. Kuandika MAC inataka vistari katikati, wakati simu nyingi zinaonyesha nukta mbili. Ukikosea inasema "si sahihi" basi, haikwambii kosa liko wapi. Nilipoteza nusu saa hapo nikidhani nimechanganya 8 na B.

Sasa usije ukadhani kuchuja kutakusaidia kwa simu za Wi-Fi. Mama mwenye nyumba aliniomba nimfungie mpangaji anayedaiwa. Nikamfungia. Kesho yake yuko hewani anaangalia mpira. Simu za siku hizi hujitungia MAC. Akiwasha au akizima kipengele hicho anakuja na anwani nyingine, swichi inamwona mgeni. Utazijua kwa tarakimu ya pili: ikiwa 2, 6, A au E, hiyo ni ya kutunga. Nilimwambia mama deni alidai kwa mdomo tu.

Kilichofanya kazi ni kuweka kikomo cha anwani kwa kila poti ya chumba. Nimeruhusu mbili. Aliyeleta kiswichi chake ili awauzie majirani alikoma siku hiyohiyo.

Anwani za kudumu, yaani zile unazozifunga mwenyewe kwenye poti moja, nazo zimenipa aibu. Printa ya ofisini niliifunga poti 5, nikajiona mjanja. Dada wa ofisi akafagia, akachomoa waya, akarudisha poti 9. Printa inawaka taa zote, haichapi. Swichi ilikuwa inaendelea kupeleka kazi poti 5 kama ilivyoamriwa, na anwani ya kudumu haifutiki kwa kukaa kimya. Nilibadilisha waya mara mbili kabla ya kufungua jedwali. Sasa poti 5 ina plasta nyekundu, na dada kaambiwa.

Kubwa kuliko zote: ukibonyeza "tumia", mabadiliko yanafanya kazi, lakini hayajahifadhiwa. Kuhifadhi ni kitufe kingine, kiko juu pembeni, hakikukumbushi. Umeme ulikatika usiku mmoja, asubuhi orodha yangu yote imeyeyuka, na ruta ya chumba 14 ilikuwa imerudi ukutani. Kinyumenyume vilevile.

Vumbi la kiangazi halijaisumbua, kwa kuwa haina feni ya kulivuta. Mwenye steshenari ya kompyuta nne asiinunue, atakuwa amelipia menyu asizozifungua. Mwenye hosteli, aichukue, na kitufe cha kuhifadhi akichoree mshale ukutani.