Titi na kopo kwa kichanga: nunua nini kwanza, nini baadaye na nini uache dukani

Kila nikisikia shoga kakaribia kujifungua najua swali linalokuja ni "ninunue kopo gani", yaani maziwa ya unga ya kichanga, na mimi jibu langu ni lilelile, kopo sio kitu cha kwanza kununua. Nimenyonyesha watoto wawili hapa Dar. Wa kwanza nilimwingizia kopo wiki ya pili kwa woga tu, alikuwa analia jioni mimi nikaamini sina maziwa, na kila chupa niliyompa ilizidi kuyapunguza. Wa pili ikawa tofauti, nilirudi kazini likizo ilipoisha nikawa nampa titi asubuhi na usiku, mchana anakunywa maziwa niliyokamua, na kopo linaziba pale yanapopungua. Kwa hiyo sina ugomvi na kopo jamani, mimi nataka pesa yako iende mahali pa maana kwanza. Nimepanga kwa faida, uzuri wa boksi haujaingia humu.

NAMBA 1: KIKOMBE KIDOGO NA MIKONO YAKO

Hiki ndio kitu cha bei ndogo kuliko vyote na ndio kinaokoa zile siku tatu za mwanzo. Dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya njano, yanatoka kidogokidogo na watu wanaanza kukutisha "mama huna maziwa", sasa ujue tumbo la kichanga siku ya kwanza linataka kama mililita 5 mpaka 7 tu kwa mlo, yaani kijiko kimoja cha chai, kwa hiyo hicho kidogo ndicho kipimo chake. Anyonye ndani ya saa ile ya kwanza kama mko salama, na baada ya hapo mara 8 mpaka 12 kwa siku, mchana na usiku.

Asiposhika titi vizuri kamua kwa mkono, hakuna pampu inayoshinda mkono kwenye dang'a maana likiingia kwenye mipira ya pampu lote linabaki linanata humo. Weka kidole gumba juu na vingine chini, nyuma kidogo ya lile duara jeusi, sukuma kuelekea kifuani, bana, achia, rudia, usiivute chuchu yenyewe. Kinga kwenye kikombe kidogo laini kisicho na kingo kali, kilichochemshwa. Kumnywesha mpakate akae wima, kikombe kiguse mdomo wa chini, yeye mwenyewe alambe, usimmiminie. Mwombe nesi akuonyeshe kabla hujaruhusiwa, hata kama wodi imejaa, omba tu.

NAMBA 2: PAMPU YA MAZIWA

Hapa ndipo hela kubwa inapotea kwa hiyo nikae kidogo. Kama upo nyumbani na mtoto muda wote na ananyonya vizuri ruka, huhitaji. Kama unarudi kazini, au mtoto kazaliwa njiti yuko wodini, au unataka kupunguza kopo, basi pampu inakuja kabla ya kopo kwenye bajeti. Maziwa yanatengenezwa kwa kadiri yanavyotolewa, kila mlo wa kopo ambao hukukamua ni kama umeuambia mwili mtoto hana haja nayo.

Chaguo langu la kwanza kwa wengi wetu ni ile ya mkono yenye mpini wa kubonyeza. Haina waya, umeme ukikatika haikuhusu, vipande vichache vya kuosha, inaingia kwenye pochi. Kwa anayekamua mara moja au mbili kwa siku inatosha kabisa.

Ya pili ni ya umeme inayokamua matiti mawili kwa pamoja na ina betri ya kuchaji. Hii ni ya mama wa kazini anayekamua kila saa tatu hivi, dakika 15 umemaliza pande zote. Ukiwa na uwezo hii ndiyo nunua, lakini usiilipie kabla hujamuuliza muuzaji vitu viwili, kuna valvu za akiba (kile kipira kidogo kinachosaidia pampu kuvuta), na kuna faneli (kile kikombe kinachokaa juu ya chuchu) za saizi tofauti. Mimi niliuziwa na duka moja la mtandaoni pampu nzuri kwa macho, mwezi wa pili valvu ikachanika pampu ikawa haivuti, spea hakuna na simu hawapokei, nikabaki na mashine ya mapambo wakati mtoto anasubiri. Na faneli usiifanyie mchezo, nyingi zinakuja na saizi ya milimita 24 au zaidi kidogo, chuchu ikisugua pembeni au sehemu kubwa ya lile duara ikivutwa ndani utaumia na maziwa hayatoki, unaanza kujiona wewe ndio tatizo kumbe ni saizi tu.

Ya tatu ni ya umeme ya titi moja, haina ubaya ila inakula muda. Zile za kuvaa ndani ya sidiria nzuri kwa mama ambaye ameshazoea kukamua, kama pampu ya kwanza na ya pekee siipendekezi. Kile kikombe cha silikoni kinachonata kwenye titi la pili wakati mtoto ananyonya upande mwingine ni cha kukinga yanayovuja, kinasaidia sana kwa anayechuruzika.

Usinunue ile ya zamani yenye kipira cha kubonyeza kama honi ya baiskeli, maziwa yanarudi ndani ya kipira ambako huwezi kusafisha, na inaumiza titi. Na pampu ya umeme ya mtumba iache, nyingi zimetengenezwa kwa mtumiaji mmoja, maziwa na unyevu vinaweza kuingia mpaka kwenye mota na kule hapafuliki.

Hapohapo nisisahau, kwa Tanzania sheria ya ajira ya 2004 inakupa likizo ya siku 84, 100 ukijifungua zaidi ya mmoja, na ukirudi una haki ya mpaka saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Kenya nako Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea. Liulize mapema hilo, pampu bila mahali pa kukamulia inabaki kwenye begi.

NAMBA 3: KIBEGI CHA BARAFU NA VYOMBO VYENYE MFUNIKO

Maziwa ya mama kwenye joto la nyuzi 25 yanakaa saa nne, sasa joto la Dar mwezi wa pili unalijua mwenyewe, kwa hiyo usisubiri zote nne. Kwenye friji siku nne, weka nyuma ndani, mlangoni panapata joto kila mtu akifungua. Kwenye friza miezi sita ndio vizuri. Yakishayeyuka yakae kwenye friji, yatumike ndani ya saa 24 na hayarudi friza, na yale aliyobakiza mtoto yana saa mbili tu. Kama kwenu umeme unakatika sana weka kidogokidogo, mililita 60 kwa chombo, ili ukipoteza usipoteze mengi, na vipande vya barafu vijaze friza muda wote. Andika tarehe. Kupasha ni kwenye bakuli la maji ya moto, sio maikrowevu, ile inapasha sehemu moja inaunguza mdomo wa mtoto.

NAMBA 4: KOPO

Sasa tumefika. Kwa kichanga kuna kopo la aina moja tu, lililoandikwa namba 1, kuanzia kuzaliwa, maziwa ya ng'ombe yaliyorekebishwa. Watu wanagombana NAN au Lactogen au S-26 au Aptamil, nikwambie ukweli, kuna kiwango cha kimataifa cha vyakula kinachoitwa Codex, cha tangu 1981 kinachosema mle ndani lazima kuwe na nini na kiasi gani, kwa hiyo kopo la bei ya chini lililo halali sio maziwa mepesi, linamlisha mtoto vizuri tu. Yale maneno ya ubongo na macho kwenye lebo usiyalipie nusu ya mshahara. Chagua lile ambalo duka la dawa la mtaani kwenu halikosi na ambalo utamudu mpaka mwisho.

Kumudu piga hesabu hivi. Baada ya wiki ya kwanza mtoto wa kopo tupu anakunywa kama mililita 150 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kopo la gramu 400 linatoa karibu lita 3. Mtoto wa kilo 3 anakula mililita 450, kopo linakwenda siku 6 au 7, akifika kilo 5 ni mililita 750, kopo siku 4, yaani makopo 7 mpaka 8 kwa mwezi. Zidisha na bei ya dukani kwenu kabla hujaacha kunyonyesha. Unayempa mlo mmoja tu wa kopo kwa siku chukua dogo, maana kopo likishafunguliwa lina wiki tatu mpaka nne (soma lebo yako) na lile la 900 utamwaga nusu.

Kopo likiyeyuka haraka ndio mtu anaanza kupunguza unga ili lifike mwisho wa mwezi, na hapa naomba sana sana mnisikilize. Ukizidisha maji mtoto anashiba maji, hakui, na chumvi ya mwilini inaweza kushuka mpaka akapata degedege. Ukizidisha unga figo zake zinazidiwa, anakauka. Ukiona huwezi kulipia kopo lote la mwezi, rudisha milo kwenye titi, kamua, ongea na kliniki, lakini kipimo usikiguse.

Kipimo chenyewe nacho kina mtego. Makopo mengi tunayouziwa huku yanataka kijiko kimoja kwa mililita 30, ila ndugu akikutumia kopo la Marekani mengi ya kule ni kijiko kimoja kwa mililita 60, kijiko chake ni kikubwa. Ukichukua kijiko cha kopo moja ukatia kwenye jingine umeharibu. Kila kopo na kijiko chake, kisawazishwe kwa kisu, maji yatangulie kwenye chupa ndipo unga.

Na maji yawe ya moto hasa. Unga wa kopo hauna uhakika wa kutokuwa na vijidudu hata ukiwa umefungwa, kwa hiyo Shirika la Afya Duniani linasema maji yasipungue nyuzi 70, yaani chemsha, acha isizidi nusu saa, tengeneza, halafu poza chupa kwenye maji ya baridi, jaribu tone upande wa ndani wa kifundo cha mkono kabla hujampa. Kisichonyweka ndani ya saa mbili mwaga. Najua inauma kumwaga, mwaga.

Yale ya kopo la kupunguza kutapika, la soya, lisilo na laktosi, la njiti, hayo ni mpaka daktari aseme. Namba 2 na ya watoto wakubwa sio ya kichanga. Nido na maziwa mengine ya unga ya nyumbani, maziwa ya ng'ombe, ya mbuzi, hapana kabisa kama mlo wake kabla ya mwaka mmoja, hata bibi akisema yeye alikulia hayo. Maji matupu pia hapana, miezi sita ya mwanzo hana kiu ambayo maziwa hayaimalizi.

Dukani angalia tarehe, kopo lisiwe limebonyea wala kuvimba, kifuniko cha ndani kizima. Yanayopimwa kwenye mifuko ya nailoni usiguse.

NAMBA 5: CHUPA

Mbili zinatosha, mdomo mpana ili brashi ifike chini, chuchu ya mtiririko wa polepole. Ikimwagika haraka mtoto anazoea mteremko, akirudi kwenye titi anakasirika. Chuchu ikipasuka tupa.

UNAVYOWEZA KUVIACHA DUKANI

Mashine ya kuua vijidudu, sufuria yenye mfuniko na dakika 10 za kuchemka zinafanya kazi ileile. Kipasha maziwa cha umeme, bakuli la maji ya moto lipo. Na ile seti kubwa ya chupa nane, labda ufungue kituo cha watoto.

UKISHANUNUA SASA

Titi kwanza pande zote, kopo baadaye kwa kuongezea, na mlo wa usiku wa manane uachie titi maana usiku mwili unatoa zaidi homoni ya maziwa. Mama anayeishi na VVU asianze kuchanganya titi na kopo kabla hajaongea na nesi wake wa kliniki, mpango wake unaendana na dawa zake.

Kabla hujaongeza kopo kwa sababu "analia" hesabu nepi, kuanzia siku ya tano anatakiwa kukojoa mara 6 au zaidi kwa siku. Kupungua uzito siku za mwanzo kunatokea kwa wengi, ikifika sehemu ya kumi ya uzito wake aonwe na wataalamu, na akifikisha wiki mbili awe amerudi uzito wa kuzaliwa, kwa hiyo nenda kliniki akapimwe, kadi ndiyo itakwambia. Mtoto anayelala tu hataki kunyonya, au mkojo umekata, au midomo imekauka, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Na kama mchana anabaki na dada au bibi yake, kaa naye jikoni siku tatu kabla hujarudi kazini, atengeneze yeye wewe ukiangalia, kisha andika kwenye karatasi ubandike ukutani juu ya jiko: vijiko vingapi, maji kiasi gani, saa ngapi katengeneza. Mimi niliandika kwa maka nyekundu.